Bata Bukini Hataki Haraka

Je, msomaji, umewahi kufukuzwa na bata bukini ulipokwenda kumsalimu nyanya kule Machakos? Usimchukie, alikuwa kazini. Mgeni akikaribia boma, ndege huyu hupiga kelele hata kabla ya mbwa kubweka.

Bukini ni jina la kale la Madagaska katika Kiswahili, ingawa asili yake si huko. Mwenye nundu juu ya mdomo ametokana na bata bukini mwitu wa Asia ya Mashariki. Asiye na nundu, na yule wa Ulaya.

Chakula chake kikubwa ni nyasi. Kwa hiyo Ukambani, ambako mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, kiangazi ndicho mtihani. Mwongezee mabaki ya sukumawiki na nafaka kidogo. Bwawa si lazima. Karai la maji latosha, mradi aweze kuzamisha kichwa chote na kuosha macho.

Hatari yenyewe ni Krismasi. Wengi huchinja aliye mkubwa kuliko wote, kumbe ndiye mama wa kundi! Jike wa mbegu hizi za zamani hahitaji mashine ya kutotolea: huatamia mwenyewe siku 30 hivi, hutaga vizuri kuanzia mwaka wa pili, na huendelea miaka mingi. Tena ukimwua dume aliyemzoea, aweza kumkataa mwingine kwa muda mrefu. Chinja madume wachanga wa ziada. Dume wa mbegu mtafute kwa jirani wa mbali, asije akapanda dada zake.

Na ikiwa umepanga nyumba Mlolongo, zungumza kwanza na majirani: kelele zile hazingoji alfajiri.