Kwa Nini Programu Moja Huandaliwa Mara Kadhaa

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Makarani walipita kaya kwa kaya, Nangara mjini Babati kama kwingineko, na kupatikana idadi ya watu 61,741,120. Baadaye Serikali ilielekeza vishikwambi hivyo vigawiwe kwa walimu. Hivyo, katika shule nyingi kifaa cha mkononi sasa kinatumika pamoja na kompyuta ya ofisi, na swali linajitokeza: kwa nini programu inayofunguka kwenye kompyuta, ikinakiliwa kwa flashi kwenda kwenye kishikwambi, inakataa?

Sababu moja inafahamika na wengi, nayo ni tofauti ya mifumo endeshi, yaani Windows na Android. Nyingine imejificha ndani ya kichakataji, kile kipande kidogo kinachotekeleza amri zote. Kompyuta nyingi za ofisini hutumia vichakataji vya Intel au AMD, vya familia ya x86 ambayo chimbuko lake ni kichakataji cha Intel 8086 cha mwaka 1978. Vishikwambi na simu janja, karibu zote, hutumia familia ya ARM, iliyobuniwa Uingereza na kampuni ya Acorn katika miaka ya 1980. Namba inayomaanisha “jumlisha” kwa kichakataji cha familia moja yaweza isiwe na maana yoyote kwa cha familia nyingine.

Mtaalamu haandiki namba hizo. Huandika kwa lugha ya kompyuta inayosomeka na binadamu, kisha programu maalumu iitwayo kompaila huyageuza maandishi hayo kuwa amri za kichakataji. Maandishi ya awali hubaki yaleyale, ila hupitishwa kwenye kompaila mara moja kwa kila familia. Kompyuta ya Intel iliyopo Dodoma yaweza kabisa kutengeneza faili la ARM, ingawa yenyewe haiwezi kuliendesha moja kwa moja. Hapo ndipo penye mtego: faili lisipojaribiwa kwenye kifaa halisi, kasoro huja kugunduliwa na mtumiaji.

Kasoro hiyo mara nyingi hutokana na vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, mathalani cha kuchora ramani au cha kusimba taarifa. Kila kipande sharti nacho kiwe kimeandaliwa kwa familia husika. Kikikosekana kimoja tu, programu husakinika bila tatizo, kisha hujifunga inapofunguliwa.

ARM yenyewe ina matoleo ya biti 32 na biti 64. Tangu tarehe 1 Agosti, 2019, duka la Google Play linazitaka programu zenye amri za kichakataji ziwe na toleo la biti 64. Sharti hilo halikuzuia kuambatanisha la biti 32. Taasisi inayoliacha inaokoa kazi kidogo, lakini inawafungia nje wenye simu za zamani, na uamuzi wa namna hiyo haufai kuachiwa fundi peke yake.

Huduma zinazotolewa kupitia tovuti hukwepa sehemu kubwa ya usumbufu huu, kwa kuwa kinachohitaji kulingana na kichakataji ni kivinjari, ambacho tayari kimo kwenye kifaa. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji mtandao karibu muda wote.

Kwa mwananchi, njia salama ni kupakua programu kutoka duka rasmi au kiungo kilichotolewa na taasisi husika. Duka hutambua aina ya kichakataji na kuleta toleo linalofaa. Faili linalosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp huenda liliandaliwa kwa kifaa kingine, au limechezewa njiani. Programu rasmi ikigoma, anayetoa taarifa kwa dawati la msaada ataje jina la kifaa, toleo la Android na ujumbe uliojitokeza kwenye kioo, maana bila hayo fundi hawezi kujua ni toleo lipi la kurekebisha.