Asali ya Batwa: tuinunue kwa mizani, toka kwa mwenyewe



Safari hii tunaongea juu ya majirani wetu Batwa, wale ambao wengine wanawaita Wambote. Wako katika teritware ya Kabambare, na pia kule Nyunzu, jimbo la Tanganyika. Wengi wetu tumezoea kuwaita tu kwa kibarua: mtu analima shamba la mpunga siku nzima, jioni anapewa muhogo na chumvi. Lakini Mutwa ana mali yake pia. Asali, uyoga, viwavi, mikeka na vikapu vinatoka mikononi mwake. Tujiulize: mali hiyo tunainunua namna gani, na faida inabaki kwa nani?

Tuchukue asali. Mara nyingi inapimwa kwa bidoni. Lakini asali ni nzito kuliko maji: lita 1 ina karibu kilo 1,4. Basi bidoni ya lita 20, ikijaa, inabeba karibu kilo 28. Mnunuzi akisema "bidoni ni kilo 20", kilo 8 za mwenzake zimepotea pale pale. Na kama analipa kwa nguo ya zamani, ama kwa kufuta deni, mwenye asali anarudi nyumbani mikono mitupu. Safari ingine ataleta asali yenye maji, ama hataleta kabisa. Hapo hata koperative imepata hasara.

Akilipwa franka mkononi, mambo yanabadilika. Franka hizo haziendi mbali: atanunua mchele wetu, mafuta ya ngazi yetu, sabuni, daftari za watoto. Makuta yanazunguka hapa hapa kijijini, na mwezi unaofuata asali inakuja tena.

Kuna pia jambo la amani. Mwaka 2016, kule Nyunzu, ushuru uliotakiwa juu ya viwavi ambavyo Batwa walikusanya porini ulikuwa moja ya mambo yaliyowasha moto kati yao na Baluba. Watu walikufa, vijiji vikaungua, mashamba yakaachwa. Biashara ya haki haimalizi kila ugomvi, lakini biashara ya kuonea inauzaa.

Sheria nayo iko. Sheria n° 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Batwa na Bambuti katika Kongo yetu, pamoja na haki juu ya ardhi na mali ya asili wanayotumia. Tena, toka mwaka 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya koperative inasema watu 5 wanatosha kuanzisha koperative nyepesi. Kwa hiyo Batwa wanaweza kuwa na koperative yao, yenye jina lao, na kuuzisha kwetu kama wenye biashara.

Tufanye nini sasa?

– Tupime kwa kilo, mizani ikiwa mbele ya macho ya mwenye mali.
– Bei itangazwe mbele ya kupima, ikiwa ile ile kwa kila muuzaji.
– Tulipe franka siku ile ile, na jina la muuzaji liandikwe katika kitabu.
– Tuelezane juu ya usafi: asali ichujwe kwa kitambaa safi, bidoni isiwe iliyobeba petroli, na maji yasiongezwe, maana asali yenye maji inachacha.
– Kama gari ya mpunga wetu inaenda Kasongo, tuwaachie nafasi ya bidoni zao, walipe usafiri kama mwanachama yeyote.

Hii si sadaka. Mwenye sadaka anatoa mara moja, anaenda zake. Mnunuzi mzuri anarudi, na muuzaji anamngojea. Kwenye mkutano wenu unaofuata, muweke jambo hili katika mazungumzo, na muwaalike Batwa wenyewe waseme bei yao.