Ikulu Zilizogeuka Miti

Msafiri atakayekwenda Burundi kutafuta magofu ya mawe kama ya Kilwa atarudi mikono mitupu. Ufalme uliodumu karne kadhaa, hadi waziri mkuu Michel Micombero alipouondoa Novemba 1966, ulijengwa kwa miti, matete na nyasi. Mwami, yaani mfalme, alikuwa na makazi mengi, akihama kilima hadi kilima, na nyumba zilizoachwa ziliozea pale pale.

Bujumbura yenyewe haina alama za makazi hayo. Ni mji wa ziwani uliokua kutoka kambi ya Wajerumani ya mwisho wa karne ya 19, na ukiingia mtaa wa Buyenzi utadhani hujatoka Kigoma, kwa Kiswahili kilivyoenea. Historia ya wafalme iko milimani. Barabara ya Bugarama inapanda kutoka chini ya mita 800 hadi zaidi ya mita 2,000, kisha inashika njia ya Muramvya na Gitega.

Huko, macho yaelekeze juu ya vilima. Katikati ya migomba na maharage, ambako kila kipande kinalimwa, utakuta kundi la miti minene ya jamii ya mkuyu ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Nguzo mbichi za uzio wa mwami zilichimbiwa ardhini, zikashika mizizi. Uzio ulikwisha, nguzo zikawa miti. Warundi huziita sehemu hizo ibigabiro, na kwangu mimi zina hadhi sawa na msikiti wowote wa matumbawe wa pwani yetu. Gishora, karibu na Gitega, ndiyo rahisi kufikika: makazi ya mfalme Mwezi Gisabo, penye ngoma mbili tukufu, Ruciteme na Murimirwa. Wafalme wenyewe walizikwa kaskazini, Nkiko-Mugamba, na vichaka vya makaburi yao vilikuwa mwiko kuguswa.

Kazi kubwa za udongo, kama mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi kule Uganda yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, Burundi usizitafute. Mistari inayozunguka miteremko ni makinga maji, na mengi ya mwanzo yalichimbwa kwa amri ya Wabelgiji. Wananchi waliichukia kazi ile ya shuruti, na baada ya uhuru wa 1962 mitaro mingi ilitelekezwa. Sasa inachimbwa upya, chini ya mpango wa Ewe Burundi Urambaye ulioanza 2018 pamoja na upandaji miti.

Haja ya kuzuia maji na udongo huko milimani inaonekana Bujumbura. Mvua ikinyesha milimani, mto Ntahangwa hushuka mwekundu kwa udongo na kumega kingo zake katikati ya mji, nyumba zikining'inia juu ya korongo. Februari 2014, mafuriko na matope ya usiku mmoja tu yaliua watu zaidi ya 60 katika vitongoji vya kaskazini mwa mji.