Je, Tunaweza Kumrudisha Mheshimiwa Nyumbani?

Mvua zikikaribia, hapa Madogo maongezi ya baada ya Isha ni yale yale: je, barabara ya Garissa itakatika tena? Novemba 2023 maji yaliifunika pale Kona Punda, tukawa twavuka kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ikazama na watu wakafa. Ng'ambo ndiko kuliko na hospitali kubwa, kwa hiyo mama mjamzito hana hiari, lazima avuke.

Juzi mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Katiba si inasema twaweza kumtoa mbunge kabla ya uchaguzi?"

Nikamwambia, inasema, baba. Ibara ya 104 yatupa haki hiyo waziwazi, ila utaratibu wake umeachiwa Bunge liutungie sheria. Na hapo ndipo tulipokwama. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilitaka kwanza mbunge awe amepatikana na makosa, kisha tukusanye saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneobunge, tena zitoke katika zaidi ya nusu ya wadi. Bura ina wadi tano. Fikiria kuwafuata wafugaji mpaka Bangale na daftari mkononi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele kadhaa vya sheria hiyo, ikiona vinaibana mno haki ya mwananchi. Wa kuziba pengo ni wabunge wenyewe. Nani anoe kisu cha kujichinjia? Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hii. Wawakilishi wadi, sheria yao ilirekebishwa baadaye, lakini barabara hii ni ya serikali kuu na si ya kaunti. Ukimlilia mwakilishi wadi atakuelekeza kwa mbunge, na mbunge atakuelekeza Nairobi.

Mzee akasonya. "Basi ni karatasi tu."

Si karatasi tu. Ibara ya 21 yaifanya kulinda haki zetu kuwa wajibu wa kila chombo cha dola, Bunge likiwemo. Mheshimiwa akituletea unga wakati wa mafuriko, Mungu amjaze, lakini unga si jibu la swali la barabara. Ibara ya 119 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata mbunge wake akinyamaza.

Iliyonivutia zaidi mimi ni Ibara ya 35, haki ya kupata habari. Sheria yake ya 2016 yakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia. Wana siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu umo hatarini. Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Basi nimeandika. Nimeuliza kiasi gani kimetengwa kwa kuinua barabara pale inapozama, na kazi itaanza lini. Karani aliigeuza barua mara mbili, akauliza nimetumwa na nani. Sikuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri. Leo ni siku ya 14.