Akiba ya Uzeeni Isiyodaiwa ni Mali ya Nani?

Katika ziara yetu ya sharika, mjane mmoja wa hapa Tabora alituletea kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kadi ya mfuko wa pensheni ya marehemu mume wake, hati mbili za mshahara na barua ya kupunguzwa kazini. Aliuliza: "Miaka imepita mingi. Serikali haijazichukua?" Kwa kuwa swali hili linaulizwa katika sharika nyingi, tumeona vema tulieleze hapa.

Tabora ni mji wa kazi ya ujira tangu enzi za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Reli ilipofika mwaka 1912, watu wengi waliingia kazi ya garimoshi. Baadaye reli hiyo ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilivunjika mwaka 1977. Kwa mkataba wa mwaka 1984, Tanzania, Kenya na Uganda zilikubaliana kwamba kila nchi italipa mafao ya raia wake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, wadai zaidi ya 31,000, na makubaliano ya malipo yakafikiwa mwaka 2005. Wengi walikuwa wamekwisha kufariki, na warithi wao ndio waliosimama badala yao. Miaka 28 ilikuwa imepita, lakini deni lilikuwa bado ni deni.

Katiba inasemaje?

Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na ya kulindiwa mali yake. Ni marufuku kumnyang'anya mtu mali bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Ibara ya 64(5) inaongeza kwamba sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi inachokiuka.

Maneno haya yamekwisha kupimwa. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyofuta haki za ardhi za mila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, tena bila fidia. Mkulima Lohay Akonaay na mwenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya ardhi ya mila nayo ni mali inayolindwa na ibara ya 24.

Kesi hiyo ilihusu ardhi. Lakini kwa maoni yetu, kama shamba lisilo na hati ni mali, itakuwa vigumu kusema kwamba michango iliyokatwa kwenye mshahara siyo mali.

Kutunza siyo kutwaa

Serikali inaweza kutunga sheria ya kukusanya fedha zisizodaiwa ili zisipotee. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2011 na kuunda mamlaka maalumu. Mwenye fedha au mrithi wake bado anaweza kuzidai. Hiyo ni sheria ya kutunza. Sheria inayomaliza kabisa haki ya mwenye mali bila fidia ni jambo jingine, nayo ingeweza kupingwa mahakamani.

Kamati za sharika zifanye nini?

- Ziwahimize wazee watunze kadi, hati za mshahara na barua za ajira, na wawaonyeshe watoto zilipo.
- Ziwaeleze watu kwamba majina ya mifuko yamebadilika. NPF ya mwaka 1964 ndiyo iliyozaa NSSF. PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF.
- Ziwasaidie wajane kupata cheti cha kifo na kufungua mirathi mahakamani mapema.

Kwa wafadhili wetu: nauli ya kumpeleka mjane mahakamani na kwenye ofisi ya mfuko ni fedha kidogo, lakini humfikisha kwenye fedha zilizo zake mwenyewe.

Mama yule wa kopo la maziwa sasa anasubiri barua ya usimamizi wa mirathi. Kopo amelihamishia ndani ya sanduku lenye kufuli.