Programu Nayo Ina Hati Yake

Ndugu msikilizaji, mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa maana ya hati. Wako walionunua kiwanja, wakajenga, wakapanda na mwarobaini mbele ya nyumba. Siku walipoulizwa karatasi, yenye jina lao haikuwapo. Leo nazungumzia hati ya namna hiyo hiyo, ila hii ni ya ndani ya kompyuta.

Hapa Kikuyu, jirani na Chuo Kikuu cha St. John's, palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, kuna mama mmoja anayechapa ripoti za wanafunzi nyumbani kwake. Alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, fundi akamwekea programu za ofisi, akalipwa, akaondoka. Miezi ikapita salama. Asubuhi moja, mwanafunzi akitakiwa kukabidhi ripoti jioni ile, programu ilifunguka na maandishi yakaonekana, lakini kila herufi aliyobonyeza ilikataa. Mama akadhani kibodi imekufa.

Kibodi ilikuwa nzima. Kilichokwisha ni ruhusa ya kutumia programu.

Zamani mnunuzi alikuta kadi ndani ya boksi, akajaza jina na anwani, akaitia posta. Huko ndiko kujisajili, na hata asipoituma kadi, kwa kawaida kazi iliendelea. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Office XP ikiwa na sharti jipya kwa nakala za madukani: ukiifungua mara 50 bila kuithibitisha namba yake kwa kampuni, inabaki ya kusoma tu. Mtindo huo, kwa sura mbalimbali, unaendelea hadi leo.

Fundi wetu hakuwa na namba halali. Alivunja kufuli kwa kiprogramu alichokitoa mitaani, na kabla ya kukiingiza alimwambia: "Mama, tuzime kwanza kinga ya virusi, inasumbua." Ndugu msikilizaji, mgeni akikutaka umfunge mbwa ndipo aingie, na tena usiku, hutajiuliza ni mgeni gani? Viprogramu vya aina hiyo mara nyingi hubeba virusi vya kuiba maneno ya siri au kufunga mafaili yako mpaka ulipe. Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu.

Basi tufanyeje? Kwanza, kabla ya kuingiza au kuondoa chochote, nakili kazi zako kwenye flashi, uichomoe na kuiweka kando.

Pili, ukinunua programu, dai namba yake. Ya Microsoft huwa na herufi na tarakimu 25, katika mafungu matano. Uliza pia: hii ni ya kununua mara moja, au ya kulipia kila mwaka? Ukiuziwa Office 2016 au 2019, ujue mtengenezaji aliacha kuzitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Tatu, na hapa ndipo wengi huumia: usajili ufanyike kwa barua pepe yako, siyo ya fundi. Namba hufungamana na akaunti iliyoitumia. Ukisajiliwa kwa jina la fundi, ni sawa na hati ya kiwanja chako kuandikwa jina la dalali. Siku kompyuta ikiharibika, mwenye haki ya kuiingiza programu upya ni yeye. Neno la siri liandike mwenyewe, ulitunze mwenyewe.

Nne, asiye na fedha si lazima awe mwizi. Ipo LibreOffice, iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. LibreOffice ni ya bure kisheria, haina namba wala usajili, na inaruhusiwa kunakiliwa. Ichukue kwa watengenezaji wenyewe, au kwa mtu unayemwamini aliyeichukua huko.

Ndiyo iliyomwokoa mama yetu. Kijana wa jirani alimletea kwenye flashi, ikaifungua ripoti ile ile. Majedwali mawili yalikuwa yamehama mahali pake, wakayarudisha, na ripoti ikatoka kabla ya jua kuzama. Siku iliyofuata alisafisha kompyuta yote na kuanza upya.

Ndugu msikilizaji, fundi anastahili ujira wake. Lakini kabla hujamlipa, muulize maswali mawili: namba iko wapi, na imesajiliwa kwa jina la nani? Akibabaika, mwambie asiendelee.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.