Homoni ya Ukuaji na Saa za Kwanza za Usingizi

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Haitiririki mfululizo. Tezi huimwaga kwenye damu kwa vipindi, na kati ya kipindi kimoja na kingine kiwango chake hushuka sana hata kikawa kigumu kupimika. Ndiyo sababu daktari anayeshuku upungufu wa homoni hii kwa mtoto hatosheki na kipimo kimoja cha damu. Huipima baada ya kuichochea kwa dawa.

Mmwago mkubwa kuliko yote, hasa kwa wanaume vijana, hutokea usiku, mara tu usingizi mzito unapoanza. Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 1968 na Takahashi, Kipnis na Daughaday huko Marekani. Waliwatoa watu damu mara kwa mara wakiwa wamelala, huku wakirekodi mawimbi ya ubongo wao. Aliyecheleweshwa kulala, homoni yake nayo ilichelewa. Aliyeamshwa, akakaa macho saa mbili au tatu kisha akalala tena, aliweza kupata mmwago wa pili. Kinachofuatwa, basi, ni usingizi wenyewe zaidi kuliko saa. Kotisoli, homoni nyingine mashuhuri, haiko hivyo: hupanda kuelekea alfajiri kwa mwendo wa saa ya mwili, hata mtu akikesha.

Amri hutoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari. Hapo hutoka kemikali mbili, moja ya kuihimiza tezi na nyingine, somatostatini, ya kuizuia. La kuvutia ni kwamba kemikali ile ya kuhimiza huongeza pia usingizi mzito. Kwa hiyo si sahihi sana kusema usingizi huzaa homoni. Yote mawili huchochewa na chanzo kimoja.

Ikishaingia kwenye damu, homoni huliamsha ini kutoa kemikali nyingine, IGF-1, na kwa pamoja hurefusha mifupa ya watoto. Kwa mtu mzima hubaki na kazi ya kutunza misuli na kuyeyusha mafuta, ingawa kiasi chake hupungua mapema. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha wanaume wa miaka 16 hadi 83, ulikuta usingizi mzito ukishuka kutoka takriban asilimia 19 ya usingizi wote kwa vijana hadi chini ya asilimia 4 kwa watu wa makamo. Homoni ilishuka katika miaka hiyohiyo.

Je, mtoto akikosa usingizi atadumaa? Wazazi wengi huambiwa hivyo, lakini ni kutia chumvi. Anayekesha hupoteza mmwago wa usiku, na mwili hufidia kwa kutoa zaidi mchana. Urithi, chakula na maradhi huamua kimo zaidi ya usiku mmoja mbaya.

Tatizo la kudumu ni jambo jingine. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa au nyama za puani hukoroma, pumzi hukatika na usingizi huvurugika kila usiku; wengine hukua polepole. Baada ya upasuaji, IGF-1 na kasi ya kukua mara nyingi hupanda, ijapokuwa sehemu ya nafuu hiyo hutokana na kumeza chakula bila shida na kutotumia nguvu nyingi kuvuta pumzi.